Jogoo wa Dada Elcira

29 Julai

Nimehamia kwa dada Elcira asubuhi hii, na begi langu na shoka langu. Yeye wamemvusha kwa feri kwenda hospitali ya Castro. Mapafu yamejaa maji. Mwanawe Yasna amekwenda naye. Mvua ya kaskazini, siku ya nne sasa. Dada ana miaka sabini na moja na Agosti nzima iko mbele yetu. Hapa kisiwani Lemuy kila mtu anajua Agosti inavyochagua wazee. Mzee akiivuka, tunamhesabia mwaka mwingine.

Kabla hawajampandisha garini alinishika mkono wa koti.

"Sofanor, kuku wangu. Casiano usimguse. Na Septemba, mwezi ukianza kukua, uwaatamishe. Nataka nikirudi nikute vifaranga."

Nikamwambia, "Dada, mimi nimechunga kondoo elfu sita Patagonia, peke yangu na mbwa kilema. Kuku wanne watanishinda?"

"Kondoo walikuwa elfu mbili," akasema, pumzi ikimkatika, "na mlikuwa wachungaji saba. Usimguse Casiano."

Naandika kwa sababu humu ndani hakuna mtu wa kumsimulia. Shule niliishia darasa la nne. Mwalimu aliniambia hana kingine cha kunifundisha.

30 Julai

Mvua. Kuku hawatagi.

2 Agosti

Mvua imepumzika nusu saa nikaangalia bustani. Vitunguu saumu vimeshachomoza, vina urefu wa kidole. Kabichi ziko hai. Kitalu cha njegere kimekuwa ziwa. Nimechimba mfereji mrefu kiasi kwamba ningeendelea kidogo ningetokea Argentina.

Niandike habari za hawa kuku, maana mtu asiyewajua atadhani nawasumbukia bure. Ni wa mama yetu. Aliolewa akaja nao ndani ya kapu, kwa mashua, na tangu siku hiyo hawajachanganywa na kuku wa dukani. Hutaga mayai ya buluu, buluu ya kweli, si ile ya kijani-kijani ya watu wengine. Wana vishungi vya manyoya masikioni kama wanawake waliovaa hereni za harusi. Walikuwa kumi na watatu. Vuli iliyopita mbwa wasiojulikana waliingia bandani, wakabaki wanne, na hao wanne si wasichana tena. Ni majira haya au basi. Kwa hiyo dada anapokohoa kule Castro hawazi mapafu, anawaza banda.

Casiano ndiye jogoo. Sijui dada alimwokota wapi. Hana kishungi, hana rangi, ni wa kahawia kama gunia la viazi lililoachwa mvuani. Jicho moja limefumba. Akitembea anachechemea. Jogoo wa namna hii katikati ya mabibi wale wanne ni aibu kwa ukoo.

6 Agosti

Mawimbi yametupa mwani mwingi ufukweni. Nimebeba mikokoteni kumi na miwili (watu watasema minane) nikaurundika nyuma ya banda ili mvua iuoshe chumvi kabla sijautia kwenye viazi. Jirani yetu Bi Uberlinda alikuwa kwenye uzio wake. Huwa hanisalimii. Leo alisema, lakini akiuambia mwani.

"Elcira anaendeleaje?"

"Anapumua, Bi Uberlinda."

"Na jogoo wake?"

"Yupo, kwa bahati mbaya."

Akaniangalia, akaingia ndani kwake.

11 Agosti

Leo nimefanya jambo ambalo dada atanishukuru maisha yake yote.

Nilivuka kwenda Chonchi sokoni na gunia la mbegu za viazi. Pale nikamwona. Jogoo mwekundu kama moto wa jiko, kifua cheusi, hana mkia kabisa kama ile aina ya zamani iliyosifiwa na mama, na vishungi viwili vinavyofika begani. Nasema begani. Watu walikuwa wamemzunguka. Mwenyewe alitaka gunia lile lile, nikampa. Nikamwita Jenerali. Kwenye feri abiria mmoja aliniuliza kama namuuza, nikamwambia huyu hata askofu amemtaka nikamkatalia.

Majogoo wawili hawakai banda moja. Nilifikiria kidogo tu. Casiano nimempika leo kwa viazi na giligilani. Nyama ilikuwa ngumu kama kiatu, nikala hivyo hivyo.

12 Agosti

Sakitu nyeupe. Upepo umegeuka kusini. Baridi ya kuvunja meno.

14 Agosti

Yasna amepiga simu. "Mjomba, mama anataka kuongea nawe, lakini usimchoshe."

Sauti ya dada imekuwa ndogo, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya debe.

"Wanakula?"

"Wanakula kuliko mimi."

"Casiano?"

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari za Jenerali. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa, na lile la askofu ningeliweka mwishoni. Lakini nilisikia namna alivyoivuta ile pumzi akingoja jibu, nikasema, "Mzima. Anachechemea kama kawaida yake."

"Mpe mahindi kidogo. Baridi hii haimpendi."

"Nitampa."

Niliporudisha simu mfukoni nikatoka nje nikampa mahindi Jenerali. Sijui kwa nini.

17 Agosti

Mvua.

18 Agosti

Mvua. Mzee Abelino wa kule kanisani amekufa jana asubuhi. Sabini na tisa. Kengele imelia kutwa.

22 Agosti

Yai la kwanza! Buluu kama anga la siku ya upepo wa kusini. Nimelishika mkononi likiwa moto bado. Nilitaka kumwita mtu aje aone, nikaenda mpaka kwenye uzio, Bi Uberlinda alikuwa anafunga kamba za njegere.

"Limetagwa," nikamwambia.

Akaja. Akalitazama yai, kisha akatazama bandani, akamwona Jenerali amesimama juu ya kisiki kama sanamu ya uwanjani.

"Huyu nani?"

"Mgeni kutoka Chonchi. Mzuri, sivyo?"

"Ana vishungi."

"Mpaka begani."

"Na hao majike wote wana vishungi."

"Ndiyo maana yake! Fikiria watoto watakavyokuwa."

"Casiano yuko wapi, Sofanor?"

Nikalifuta yai kwa mkono wa shati. Akatikisa kichwa. "Mama yako hakuwahi kukutanisha wawili wenye hereni. Hata siku moja. Hukuona?"

Nikamwambia kwamba mama alikuwa hana chaguo, maskini, alitumia jogoo aliyepatikana. Bi Uberlinda akasema, "Haya," akarudi kwenye njegere zake. Haya hiyo ilikuwa na baridi kuliko sakitu. Ni wivu. Kuku wake yeye ni wa kahawia watupu.

1 Septemba

Tumevuka! Yasna amepiga asubuhi na mapema. "Mjomba, amevuka Agosti. Ameomba uji." Nililia kidogo pale jikoni, naliandika kwa kuwa hakuna mtu wa kuliona. Nikamwomba nizungumze naye.

"Dada, umeishinda."

"Bado inanifuatafuata. Umeshakusanya mayai ya kuatamisha?"

"Ninayo tisa. Mazuri mno."

"Ya Casiano?"

"Ya nani tena?" nikasema, nikacheka. Yeye hakucheka. Nadhani ni uchovu.

9 Septemba

Mwezi unakua. Nimemwatamisha yule mweusi tunayemwita Mjane. Mayai kumi na matatu, kila moja nimelichora msalaba wa mkaa, na chini ya nyasi nimeweka kipande cha chuma ili radi isiyaguse. Kila kitu kama mama alivyofanya. Sasa siku ishirini na moja.

14 Septemba

Yule wa kijivu naye ameanza kulia kama kuku anayetaka kuatamia. Nimempa kumi na moja. Mti wa tufaha karibu na kisima umevimba machipukizi. Mwani umeoshwa vya kutosha, nimeanza kuutia kwenye matuta ya viazi. Mgongo umekatika vipande vitatu.

18 Septemba

Sikukuu ya taifa. Nilikwenda ukumbini, nikala nyama, nikanywa pombe ya tufaha, nikacheza cueca na mke wa mwenye duka. Watu waliniuliza habari za dada, na mimi nikawaeleza habari za kuku. Nilisema nimeatamisha mayai sitini. Nikasema mnunuzi kutoka Santiago ameshatuma barua. Walicheka, wakapiga meza. "Endelea, Sofanor!" Bi Uberlinda alikuwa amekaa karibu na mlango na shali yake. Nilipofika kwenye barua ya Santiago aliinuka akaondoka. Nikapoteza ladha, lakini nikamalizia.

24 Septemba

Mvua na radi upande wa mlimani. Nilikwenda bandani mara tatu kuangalia kile chuma.

27 Septemba

Dada ametembea mpaka dirishani na kurudi. Yasna anasema daktari amesema wiki mbili. "Mjomba, yaani anazungumzia vifaranga tu. Hata wauguzi wanawajua. Wamemchorea kifaranga ukutani." Nikasema vizuri.

30 Septemba

Siku ya ishirini na moja. Kutwa nzima nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya kiota. Saa nne nikasikia mlio ndani ya yai. Saa sita kikatoka kimoja, kimelowa, kikakauka, kina vishungi kama uzi. Saa tisa cha pili. Nikangoja.

1 Oktoba

Cha tatu usiku. Basi.

2 Oktoba

Mjane hataki kutoka kiotani ingawa watatu wanamzunguka. Bado ana mayai kumi chini yake. Nikasubiri mpaka mchana, nikayatoa.

Manne yalikuwa viza tangu mwanzo, hayakushika chochote. Nadhani jogoo asiye na mkia ana taabu zake ambazo mimi mwenye kujua kila kitu sikuzijua. Lakini sita. Yale sita nilipoyavunja, kila moja lilikuwa na kifaranga kamili ndani. Makucha, mdomo, manyoya. Vingine vilikuwa vimeshageuza kichwa tayari kutoboa. Vyote vimekufa ndani ya ganda. Na vyote vilikuwa na uvimbe pale masikioni, pale pale vishungi vinapoota.

Nilivipanga juu ya ubao. Nimechinja kondoo zaidi ya ninavyoweza kuhesabu, lakini hivi nilivifunika kwa gunia.

Nikajiambia ni radi. Nikajiambia ni jicho la Bi Uberlinda. Nikavizika chini ya mti wa tufaha, na nilipokuwa nafukia nikamkumbuka mama akiwa na kuku wawili wa hereni, mmoja kila kwapa, akimwambia baba, "Hawa hawalali pamoja, wataniua watoto." Nilikuwa na miaka sita au saba. Nilidhani anafanya mzaha. Nilikuwa nimesahau kabisa, au nilikumbuka na nikaona mimi najua zaidi.

5 Oktoba

Yule wa kijivu: wawili hai kati ya kumi na moja.

7 Oktoba

Mmoja wa wale wawili shingo yake imepinda. Amekufa asubuhi. Wanne basi.

Nimempigia Yasna nikasema mawasiliano mabaya, siwezi kuongea na dada leo. Mawasiliano yalikuwa safi.

8 Oktoba

Viazi vimepandwa vyote. Sikula.

11 Oktoba

Wamemleta. Mashavu yameingia ndani, koti linamning'inia, lakini alitembea mwenyewe kutoka kwenye gari. Yasna alitaka aingie ndani kwenye moto. "Kwanza banda," akasema.

Tulimwekea kiti. Akatazama. Majike wanne. Vifaranga wanne. Jenerali juu ya kisiki chake, akajinyoosha akawika, kwa fahari yake yote, kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

Nilikuwa na hadithi. Nilikuwa nimeitengeneza siku nne: kwamba Casiano alipigana na mwewe, akamtoa mwewe jicho, akafa kishujaa. Ilikuwa hadithi nzuri sana. Nikafungua mdomo.

"Sofanor," akasema kabla sijaanza, "nilimjua huyu tangu siku ile ya simu ya kwanza."

"Yupi?"

"Huyu anayewika kama padri wa jimbo. Casiano alikuwa anawika kama mlango usiotiwa mafuta. Ulipoishika simu niliwasikia wote wawili, wewe na huyu, mkinidanganya kwa pamoja."

Yasna alinitazama. Sikujua pa kuiweka mikono yangu.

"Mbona hukusema, dada?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Kila simu. Agosti nzima. Kuna usiku pumzi ilikataa kabisa, nikajiambia, siwezi kufa, yule mwongo bado hajasema." Akakohoa. "Basi sema."

Nikasema. Soko, gunia, chungu, mahindi, mayai, ubao. Sikuweka mwewe. Ilichukua muda mfupi mno, niliona aibu jinsi ilivyokuwa fupi.

Alilivuta koti kifuani. Kisha akauliza, "Alikuwa mtamu?"

"Mgumu kama kiatu."

"Nilitegemea hivyo." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Hawa wanne wote wana hereni, Sofanor. Wakikua ni msiba ule ule. Majike wangu wale wazee wanaweza kutaga mpaka Krismasi, baada ya hapo hakuna. Uberlinda ana mtoto wa Casiano. Mwaka juzi nilimpa mayai. Utakwenda kumwomba."

"Mtume Yasna."

"Utakwenda wewe. Huku jogoo wa mbegu hauzwi kwa jirani, anaombwa, na anayeomba anajibu atakachoulizwa. Na unajua atakachokuuliza."

Najua. Sijawahi kuliandika.

Miaka tisa iliyopita mume wa Bi Uberlinda, Rosamel, alipotea na mashua yake kusini, upande wa Guaitecas. Hakuonekana yeye wala ubao. Majira yale ya baridi mimi nilirudi kutoka Punta Arenas, na kwenye harusi moja, watu wakiwa wamenizunguka, nilisema nimemwona Rosamel kule, amenenepa, anatoka duka la mikate na mwanamke mfupi, mifuko yote miwili imejaa keki. Nikaigiza na tumbo lake. Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Ilikuwa moja ya hadithi zangu bora. Baadaye kila mtu aliisahau, isipokuwa mmoja.

12 Oktoba

Nilifika mpaka kwenye lango lake nikarudi. Nilimwambia dada kwamba Bi Uberlinda hayuko. Akasema, "Moshi wa jiko lake nauona kutoka hapa."

13 Oktoba

Nimekwenda. Jumapili, baada ya sala. Alinifungulia akiwa na unga wa viazi mikononi.

"Bi Uberlinda, nimekuja kuomba jogoo. Yule mtoto wa Casiano. Casiano mwenyewe nilimla, nikaleta mwingine, vifaranga vikafa ndani ya mayai, kama ulivyoniambia."

"Kaa."

Nikakaa. Aliendelea kukanda milkao zake, mikate ya viazi, akazipanga, akazitia ndani ya jiko, akafunga mlango wa jiko. Ndipo akauliza, bila kugeuka.

"Ulimwona Rosamel Punta Arenas?"

"Hapana."

"Hata mtu aliyefanana naye?"

"Hata mtu aliyefanana naye. Sikuona mtu yeyote. Nilitunga pale pale, watu walikuwa wanacheka."

Alisimama hivyo hivyo, mgongo kwangu. 

"Nilikuwa nimeshaandaa tisa zake," akasema. "Siku tisa za sala. Nilikuwa nimeshachinja nguruwe. Nikasikia alivyonenepa. Nikaahirisha. Huwezi kumwombea kama marehemu mtu anayekula keki. Miaka tisa, Sofanor, sijui nimvalie nyeusi au nimlaani. Asubuhi namlaani, jioni naogopa kwamba yuko majini huku namlaani."

Nikavua kofia. 

Alitoka uani. Nikasikia kelele za mbawa. Akarudi na jogoo wa kahawia, miguu imefungwa kwa kitambaa, akaniwekea mapajani.

"Tisa zinaanza Ijumaa. Utakuja siku zote tisa. Utakaa mbele, si mlangoni na wavuta sigara."

"Nitakuja."

"Sasa nenda, milkao zitaungua."

14 Oktoba

Jenerali nimemrudisha Chonchi. Mwenyewe hakuwa na viazi tena vya kunirudishia, nikamwachia bure. Dada anataka majike wakae wiki mbili na huyu mpya kabla ya kukusanya mayai, mbegu ya yule mwingine iwaishe. Atawaatamisha mwezi wa Novemba ukianza kukua. Mjane bado anakalia kiota kitupu. Kila nikimtoa anarudi.

18 Oktoba

Siku ya kwanza. Nyumba ilijaa. Picha ya Rosamel mezani, na mishumaa. Watu walishangaa kuniona mbele.

21 Oktoba

Dada amepata homa tena. Ndogo. Yasna haendi kazini. Nimelala kwenye kiti.

22 Oktoba

Nilitaka kubaki naye. Akanifukuza. "Nenda kwa Uberlinda. Mimi naweza kungoja." Nilikwenda.

24 Oktoba

Homa imeshuka. Amekula yai.

26 Oktoba

Siku ya tisa. Baada ya sala ya mwisho walileta nyama na pombe ya tufaha, na kama kawaida mtu mmoja nyuma akaita, "Haya, Sofanor, tutolee moja!" Wengine wakavuta viti. Nikasema sina. Wakacheka, wakidhani ndivyo hadithi inavyoanza.

Bi Uberlinda, amevaa nyeusi, akainua mkono, kukawa kimya.

"Simulia Rosamel," akasema. "Alivyokuwa. Unayoyajua tu."

Nikasimama. Nikasema kwamba nilivua naye misimu miwili. Kwamba alikuwa hajui kuogelea, na alilificha hilo kwa watu wote isipokuwa mimi, kwa sababu niliwahi kumvuta kutoka majini kwa ukosi. Kwamba kila alfajiri kabla ya kupanda mashuani alikuwa anatia mkono majini kwanza, kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto. Kwamba aliwahi kuniazima koti lake la mvua na hakuniuliza tena. Kisha nikasema kwamba alikuwa mzito wa wastani, na keki hakuzipenda, na kwamba mimi sikumwona Punta Arenas, nilisema uongo, kwenye harusi, ili watu wacheke.

Ilikuwa fupi. Nilipokaa hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeondoka. Bi Uberlinda akanisogezea sahani.